Ada ya Mkwe na Mkono wa Kodi

Wako watu wanaosoma karatasi ya mshahara kuanzia chini, macho yakikimbilia tarakimu ya mwisho kama mtoto anayekimbilia mlango. Mama Foronya hakuwa mmoja wao. Yeye alianza juu kabisa, kwenye jina la hospitali, akashuka mstari kwa mstari, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Shule aliishia ya msingi, lakini kile kidogo alichopewa hakukiacha kidondoke hata punje.

Jumatatu hiyo asubuhi karatasi haikuwa yake. Ilikuwa ya mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, aliyesimama mbele yake katikati ya marobota ya shuka chafu, mikono nyuma, kama mtu aliyevunja sahani.

"Hii laki mbili na sabini imekwenda wapi?" Mama Foronya aliuliza, kidole kikiwa kimeganda kwenye mstari.

"Kodi, mama."

"Kodi gani yenye njaa namna hii? Mwezi jana ilikula elfu tisa ikashiba."

"Ndiyo hiyo hiyo. Wameikata ile ada niliyorudishiwa."

Mama Foronya aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni, akaendelea kuhesabu foronya. Si kwamba hakujali. Alikuwa na desturi ya kumaliza hesabu aliyoianza kabla ya kushika nyingine, na foronya za wodi ya wazazi zilikuwa zimefika sitini na mbili. Jina lake lilitokana na hizo hizo foronya. Miaka mingi nyuma mgonjwa mmoja aliyeruhusiwa kurudi nyumbani alipita getini amekumbatia furushi, akasema ni mkate wa wanawe. Mama huyu akamwambia, "Baba, huo mkate wako una pindo." Walinzi walicheka wiki nzima, na tangu hapo hata madaktari walimwita Mama Foronya.

Ada yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa na utaratibu wa kumrudishia mfanyakazi ada ya chuo, mradi aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuanza, na afaulu mitihani ya mwaka. Mkwe aliomba, akaruhusiwa, akaenda kusomea ufundi wa mitambo, masomo ya jioni. Ili aanze, yeye na Mama Foronya walikopa laki sita kwenye chama cha akiba cha wafanyakazi na kuongezea walichokuwa nacho. Mwaka ukaisha, binti akafaulu yote, hospitali ikatimiza ahadi: laki tisa kamili. Laki sita zilikuwa za kurudisha mkopo, tena chama hukata chenyewe benki kabla hujasema bismillahi wala amina. Laki tatu zilizobaki zilikuwa za kulipia awamu ya kwanza ya mwaka wa pili. Mwisho wa kulipa, Ijumaa. Asiyelipa, nafasi yake anapewa aliye kwenye orodha ya kungoja, na kwa hospitali, aliyekatiza masomo hasaidiwi tena.

Sasa kodi ilikuwa imenyoosha mkono na kuchukua laki mbili na sabini. Mkononi zimebaki elfu thelathini.

"Twende," alisema Mama Foronya foronya zilipofika themanini na nne.

"Wapi, mama?"

"Kwa aliyekata."

Aliyekata alikuwa mhasibu wa mishahara, kijana mwenye tai iliyoishia juu ya kitovu, na kwa sababu hiyo dobi nzima, yaani chumba kizima cha kufulia cha hospitali, ilimwita Tai Fupi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dirisha lenye nondo, kompyuta inayonguruma, na kikombe kilichoandikwa BOSI.

"Shikamoo, mama. Najua mlichokuja nacho," alisema. "Nilijua mtakuja tangu nilipobonyeza."

"Marahaba. Kama ulijua, ungetuita mapema tukapunguza safari."

Tai Fupi alicheka, akageuza kioo cha kompyuta upande wao. "Mama, kitu chochote mwajiri anachompa mfanyakazi, sheria inakitazama kama mshahara. Nyumba, gari, ada. Ukipewa laki tisa juu ya mshahara wako, mwezi huo wewe ni mtu mkubwa, na watu wakubwa wanakatwa kwa kiwango cha wakubwa."

"Lakini hizi alizitoa yeye. Zimerudi tu nyumbani kwao."

"Hapo ndipo penye sheria." Alisogeza kiti. "Kama masomo yanahusu kazi ileile anayoifanya sasa, ada haikatwi kodi. Kama yanampeleka kwenye kazi nyingine, inakatwa. Mkwe wako cheo chake ni mfuaji. Amesomea mitambo. Mfuaji na fundi mitambo ni kazi mbili."

"Nani kakwambia hafanyi kazi ya mitambo?" Mama Foronya alisema. "Mashine zote tano pale zinazunguka kwa mikono yake."

"Nilijua utasema hivyo, nikaenda kutazama daftari la matengenezo. Miaka miwili, kila ukurasa, aliyetengeneza ni Mzee Spana. Jina la mkwe wako halimo hata kwa bahati mbaya."

Mkwe akainamisha kichwa.

Tai Fupi aliangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mnisikilize. Hizi kodi sijazipeleka. Napeleka tarehe tisa, Alhamisi. Kabla ya hapo naweza kurekebisha hapahapa na pesa ikarudi kwake siku hiyohiyo. Zikishakwenda, mtadai huko huko kwa wenyewe, na huo ni mwaka mzima wa kupanda ngazi. Nileteeni barua kwamba binti aliteuliwa fundi msaidizi. Iwe na tarehe ya miaka miwili nyuma."

"Lakini hakuteuliwa."

"Barua tu, mama. Nani atapima wino umekauka lini?"

"Yupo," alisema Mama Foronya. "Tena hahitaji miwani. Asante, mwanangu. Nitarudi kabla ya Alhamisi, na barua yangu itakuwa na tarehe ya siku ilipoandikwa."

Walirudi kwa njia ya uani. Walipofika kwenye kamba za kuanikia, mkwe akasema, "Mama, kosa si lako."

"La nani, basi?"

Wote wawili walilijua jibu. Miaka miwili nyuma macho ya Mzee Spana yalianza kuingia ukungu. Alikuwa fundi wa dobi tangu mashine zilipofungwa, na alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Foronya, dereva wa gari la wagonjwa. Ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza siku ya mazishi. Mkwe alipoanza kumsaidia kufungua boliti, kisha kufunga, kisha kufanya kila kitu, ilifika siku ya kujaza daftari, binti akauliza aandike nani. Mama Foronya ndiye aliyejibu, bila hata kuacha kukunja shuka: "Mwandike mzee. Mkubwa akiwepo, mdogo haandiki jina lake." Na dobi nzima ikalishika hilo. Beringi ikivunjika, mkwe anabadilisha, anaandika, anampelekea mzee kalamu na kumwekea kidole chake mahali pa kutia sahihi. Waliona ni heshima. Hakuna aliyewahi kuliita jina lingine.

"Nilimkataza kijana wa watu kuandika uongo," Mama Foronya alisema, akishika kamba, "kumbe mimi nimeuandikisha miaka miwili."

"Basi tuache, mama. Mzee amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili astaafu. Wakijua haoni, watamtoa. Mimi chuo nitarudi siku nyingine."

"Siku nyingine ni ipi? Nafasi yako ina mtu anaingoja mlangoni. Wewe umefaulu. Kazi unaifanya. Ada ni haki yako, na kodi wanayokukata si haki yao. Sitaki chako kipotee kwa sababu ya mdomo wangu. Wala cha mzee hakitapotea, Mungu akipenda. Lazima kuna njia iliyonyooka. Nikikosa kuiona nitaiuliza."

Jumanne aliomba ruhusa ya nusu siku, akavaa viatu vyake vya ibada na kwenda ofisi ya kodi. Watu wengi huingia mle wakiwa wamejikunyata kama kuku wa mvua. Mama Foronya aliingia kama anayekwenda kuchukua nguo alizoacha zishonwe. Alichukua namba, akakaa, akasoma kila bango ukutani, mpaka lile la kukataza kutema mate.

Ofisa aliyemwita alikuwa mwanamke wa makamo, mjamzito, aliyeegemeza mgongo kwenye mto mdogo.

"Karibu, mama. Tukusaidie nini?"

"Nina maswali matatu, na sitaki jibu la kunifurahisha. Nataka la kweli."

Ofisa alitabasamu. "Leo nimekuwa nikisubiri mtu kama wewe tangu saa mbili."

Mama Foronya aliuliza la kwanza: sheria inatazama cheo au kazi? Ofisa akamwambia inatazama kazi. Cheo ni karatasi. Mtu anaweza kuitwa mfagizi na kutwa nzima akawa anaendesha lifti. Aliuliza la pili: kazi inathibitishwaje? Ofisa akahesabu kwa vidole: kumbukumbu za kazini, na barua ya mwajiri kutoka kwa mtu anayeijua kazi hiyo. Ruhusa ya kusoma nayo lazima iwe ilitolewa kabla ya masomo.

"Ruhusa ipo, ya kabla. Sasa la tatu. Kama kumbukumbu za kazini ziliandikwa jina la mtu mwingine?"

Ofisa aliweka kalamu chini. "Ziliandikwa hivyo kwa nini?"

"Kwa heshima."

"Mama, mimi hapa nimesikia sababu nyingi," ofisa alisema polepole. "Hiyo ni mpya. Sikiliza. Usifute, usipasue, usiandike juu yake. Mwenye jina aseme si yeye, walioona waseme walichoona, mwajiri ahakikishe kwa macho yake mwenyewe, aandike leo, tarehe ya leo. Mhasibu wenu akipata hiyo, arekebishe bila woga. Ila ujue kitu kimoja: msamaha ni wa ada na mitihani. Kama humo ndani kuna nauli na chakula, hivyo vinakatwa."

"Vimo. Laki moja."

"Basi hiyo itakatwa."

"Haidhuru. Chenu chukueni." Mama Foronya alisimama. "Na huyo mwanao tumboni, upande unaolalia ndio unaokuumiza. Hamisha mto kushoto."

Ofisa alihamisha mto, akafumba macho kwa raha. "Mungu akubariki, mama."

Mchana huohuo alimkuta Mzee Spana kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya dobi, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikuwa ameweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa mashine na mpini kwenye sikio, akisikiliza kama daktari.

"Hatua hizo ni za shemeji," alisema bila kugeuka. "Na leo umevaa viatu vya Mungu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Bado."

"Basi kaa, kuna ndoo nyingine. Usikae kwenye ile yenye grisi, utaondoka nayo."

Alikaa. Akamweleza yote, bila kuzungusha: ada, kodi, daftari, Alhamisi, Ijumaa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, uso ukikaza taratibu kama boliti.

"Kwa hiyo unataka nikasimame mbele ya wakubwa niseme mimi ni kipofu."

"Nataka useme nani anabadilisha beringi."

"Ni kitu kilekile! Shemeji, mwaka mmoja na miezi miwili! Nimevumilia mvuke wa humu tangu nina nywele. Leo unataka kunivua nguo hadharani?"

"Kazi yangu mimi ni kufua, si kuvua."

Siku nyingine mzee angecheka mpaka akohoe. Siku hiyo alishika bisibisi yake, akaigeuza geuza.

"Marehemu asingenifanyia hivi," alisema.

Hilo lilimchoma Mama Foronya, na mzee alikusudia limchome. Akainyoosha aproni yake.

"Marehemu aliwahi kugonga nguzo ya geti na lile gari la wagonjwa," alisema. "Unakumbuka. Ukamwambia aseme breki zilikataa. Alisema nini?"

Mzee aligeuzia uso upande wa mashine.

"Alisema alisinzia. Akakatwa mshahara miezi mitatu, tukala chai bila sukari. Na waliendelea kumpa gari. Kaka, sikuja kukuomba ruhusa. Nimekuja kukwambia mapema ili usisikie kwa watu. Kesho asubuhi nitaandika yangu: kwamba mimi ndiye niliyesema jina lako liandikwe. Lawama nitaibeba kwanza mimi. Yako utaisema wewe ukitaka, na usipotaka sitakuchukia."

"Utaenda na maneno yako peke yako? Hayatatosha."

"Huenda. Lakini yatakuwa ya kweli."

Alimwacha pale, bisibisi mkononi, mashine ikizunguka.

Alfajiri ya Jumatano, baada ya sala, Mama Foronya alikaa kwenye meza ya kulia chakula na karatasi ya mistari. Mkwe alijitolea kumsaidia kuandika kwa lugha ya kiofisi.

"Lugha ya kiofisi ndiyo iliyotufikisha hapa," alijibu. "Nipe kalamu isiyovuja."

Aliandika taratibu, herufi kubwa kubwa za mviringo. Aliandika kwamba kwa miaka miwili amemwona mke wa mwanawe akifungua, akitengeneza na kufunga mashine za dobi, akataja siku anazozikumbuka na kilichoharibika. Mashine namba mbili, beringi, siku waliyoletewa majeruhi wa basi. Kikausho, mkanda, siku mvua ilipoingia ndani. Aliandika kwamba jina la fundi liliwekwa kwenye daftari kwa agizo lake yeye, na kwamba aliona ni adabu, na sasa anaona halikuwa sawa. Akatia sahihi. Alipomsomea mkwe, binti alifuta macho kwa kanga ya jikoni.

"Unalia nini? Kuna neno nimekosea?"

"Hapana, mama."

"Basi kamata chai yako, tunachelewa."

Katibu wa hospitali alikuwa mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, anayetembea haraka hata akiwa hana anakokwenda. Aliisoma karatasi amesimama. Alipomaliza akaisoma tena amekaa.

"Unajua ulichoandika hapa kinaweza kukuletea onyo?"

"Najua, mama katibu. Kama ni haki yangu nitalipokea."

"Na fundi anasema nini?"

"Hilo la kwake. Sijamsemea."

Katibu alivua miwani, ikabaki ikining'inia. "Twende huko kwenye mashine zenu."

Dobi ilinyamaza walipoingia, isipokuwa mashine zenyewe. Wafuaji walijifanya wanakunja shuka zilizokwisha kukunjwa. Mzee Spana alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, amevaa koti safi, amechana hata nyusi. Mkwe alikwenda kusimama karibu yake, kama siku zote, upande wa kulia.

Katibu alifungua daftari. "Mzee, tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Mashine namba mbili, beringi. Nani alibadilisha?"

Mama Foronya alisimama hatua kumi nyuma yao. Aliwatazama wawili hao. Moyoni aliomba maneno machache tu, na hakuomba mzee aseme anachokitaka yeye. Aliomba mzee aseme kitu atakacholala nacho.

Mzee alikohoa. "Mama katibu, mashine ile ilianza kusaga meno siku tatu kabla. Humu ndani hakuna aliyesikia. Nilisikia mimi. Nikasema, beringi hiyo haifiki Ijumaa. Hilo niandikie, ni langu."

"Nimeandika. Na kubadilisha?"

"Kubadilisha..." Alinyoosha mkono, ukapapasa hewani, ukatua begani kwa mkwe. "Hata hiyo namba mbili unayoisoma mimi siioni. Nauona weupe wa karatasi, basi. Masikio ya kazi hii ni yangu. Macho na mikono ni ya binti huyu, mwaka wa pili sasa. Alikuja hajui kutofautisha boliti na nati. Nilimfundisha kwa mdomo, akashika. Kwenda chuo, mimi ndiye niliyemwambia nenda, maana kuna vitu vya umeme vya mashine hizi mpya ambavyo havisikiki kwa sikio."

Mfuaji mmoja alitupa shuka mezani, akasema kwa sauti, "Na sisi wote tulijua! Kama ni onyo, tuandikieni kitabu!"

"Nyamaza wewe, usinunue kesi," mwenzake akamvuta aproni. Watu wakacheka, na kicheko kile kikawaondolea watu kitu kifuani.

Katibu hakucheka, lakini mnyororo wa miwani ulitikisika. "Mzee, kliniki ya macho iko ng'ambo ya ua. Kutoka hapa ni hatua arobaini."

"Thelathini na nane," alisema Mzee Spana. "Nimezihesabu mara nyingi. Nafika thelathini, narudi."

"Kwa nini?"

"Daktari ataandika, cheti kitakuja kwako, na wewe utanitoa."

Katibu aligeukia mashine namba mbili, ikawa kama anaihoji yenyewe. "Mtu anayesikia beringi siku tatu kabla haijafa, nimtoe nimweke nani? Mtakwenda sasa hivi kliniki, na daktari akishasema ndipo na mimi nitasema. Sitakuahidi jambo ambalo sijalijua." Kisha akamtazama mkwe. "Wewe, fungua hiyo mashine nione."

Mkwe akazima umeme, akafungua boliti sita bila kuziangalia, akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa zilivyotoka, akamwonyesha beringi mpya na alama ya mahali ya zamani ilipokwaruza. Mama Foronya, ambaye hakuwa mtu wa kusifu mkwe mbele za watu, alijikuta amesema, "Haya, mwangalieni!"

Barua ya katibu ilitoka mchana huo, na tarehe yake ilikuwa ya mchana huo. Ilieleza kazi ya binti ilivyo na tangu lini, ikaambatanishwa na maneno ya Mama Foronya na ya fundi, aliyeyatia dole gumba kwa kupenda kwake ingawa kusaini alijua. Daftari halikufutwa mstari.

Alhamisi asubuhi Tai Fupi alizisoma karatasi zote dirishani, akapuliza mashavu.

"Mama, umeleta hata nisivyoomba."

"Ulichoomba sikukileta."

"Afadhali hukukileta." Alikuna shingo, akaona haya kidogo, akaanza kubonyeza. Laki nane za ada na mitihani zikatoka kwenye kodi. Laki moja ya nauli na chakula ikabaki, ikakatwa elfu thelathini. Laki mbili na arobaini zikarudi. "Zitaingia kwenye akaunti yake kabla ya saa tisa. Hiyo elfu thelathini nisamehe, sina namna."

"Usiombe msamaha kwa kilicho halali. Hiyo ni ya kwao, nilishaambiwa."

Elfu thelathini iliyopungua aliitoa yeye, kwenye mkoba wake, na mkwe alipotaka kuandika deni alimnyang'anya kalamu.

Saa nane aliitwa ofisini kwa katibu. Kulikuwa na barua mbili za onyo, yake na ya fundi, kwa kosa la kuruhusu kumbukumbu za kazi ziandikwe visivyo. Mzee Spana alikuwa ameshachukua yake asubuhi, akiwa njiani kwenda kupangiwa siku ya kutolewa mtoto wa jicho. Daktari alikuwa amesema jicho moja lingerudi vizuri na la pili wangelijaribu. Katibu naye alikuwa amesema fundi atabaki kazini wakati wote wa matibabu, na binti atamsaidia kwa cheo, si kwa siri.

Mama Foronya aliisoma barua yake ya onyo kuanzia juu. Alifika mwisho, akarudi kwenye aya ya pili.

"Hapa mmeandika miezi ishirini," alisema. "Ilikuwa ishirini na nne. Rekebisheni, ndipo nisaini."

Katibu akachukua kalamu, akarekebisha, akatia herufi za jina lake pembeni. Mama Foronya akasaini, akaomba nakala, akaikunja mara mbili na kurudi kwenye hesabu zake.

Ijumaa, saa nne na robo, simu ilimtetemekea mfukoni akiwa katikati ya gauni za chumba cha upasuaji. Alipokea bila kuacha kuhesabu, ishirini na tisa, thelathini.

"Mama! Nimelipa. Wamenipa risiti. Walikuwa wameshampigia simu wa kwenye orodha, nikawaambia hapana, mimi niko hapa."

"Alhamdulillahi, Mungu mkubwa. Jina lako wameliandika sawasawa?"

"Sawasawa."

"Umeisoma risiti yote?"

"Kuanzia juu, mama."

"Haya. Thelathini na moja. Sasa usizubae huko na wenzako, rudi upesi. Fundi ameweka sikio kwenye mashine namba nne tangu asubuhi, anasema haimpendezi, na anauliza uko wapi."